Mji Ambao Basi la Netta Halifiki

Saa tatu kasoro asubuhi, basi jeupe limesimama mbele ya klabu ya wastaafu mjini Lochgelly. Injini inanguruma taratibu, mvua nyepesi inanyesha, na Netta Izatt yuko mlangoni akiwashika wazee mkono mmoja baada ya mwingine.

"Polepole, Wattie. Ngazi haikimbii," anamwambia mzee mwenye fimbo.

"Mimi ndiye ninayekimbia kaburi, mama. Nipishe."

Mzee huyo ni Wattie Dewar, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, aliyechimba makaa ya mawe mpaka migodi ilipofungwa. Akishakaa, anavua kofia na kuipitisha kiti kwa kiti. Kila abiria anatia pauni moja na kijikaratasi chenye jina la mahali anapodhani wanapelekwa; atakayepatia huchukua pesa zote. Ni Jumatano ya safari ya fumbo: unalipa nauli, unapanda, hujui uendako mpaka ufike. Anayejua ni dereva peke yake, na dereva huyu hata umbane kwa koleo hasemi.

Wattie anasoma karatasi kwa sauti kabla basi halijaondoka. Pitlochry. Callander. Crieff. Pitlochry tena. Mtu mmoja ameandika Oban, mbali kabisa, na Wattie anauliza ni nani huyo anayetaka wenzake wafie njiani. Wanacheka. Netta anafunga mlango, anarekebisha kioo chake, hata tabasamu halimtoki.

Karatasi ni thelathini na sita. Hakuna hata moja yenye jina la Crail.

Mgeni hawezi kulistaajabia hilo. Lakini mtu wa huku atashangaa, kwa sababu Crail, mji wa kale wa wavuvi wenye bandari ndogo ya mawe, uko mwendo wa saa moja na kitu tu. Kwa watu wa Lochgelly wanaotaka kunusa bahari, Crail ni kama uani kwao. Zamani basi hili lilikuwa likienda huko kila kiangazi. Sasa ni mwaka wa tisa halijafika, na ni mwaka wa tisa hakuna mwenyeji aliyethubutu kuliandika jina hilo.

Mwezi wa Septemba Netta anastaafu, na safari yake ya mwisho ameshaipanga. Anawapeleka Crail.

Amekubali habari hii iandikwe kwa sharti moja: isisomwe Lochgelly. Alipoambiwa itatoka kwa Kiswahili, alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Alisema basi siri yake iko salama, maana katika mji wote msomaji wa Kiswahili ni mmoja, naye ndiye anayeiandika. Ni kweli. Mwandishi huyu ameishi Fife, jimbo la mji huu, miaka mingi, kiasi cha kuzoea supu ya dengu bila chapati, na bado hajakutana na mwenzake sokoni.

Netta ana miaka sitini na minne. Ni mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya kuita watoto kutoka mbali. Baba yake alikuwa mgodini, kaka zake mgodini, na mgodi ulipokufa wanaume wa nyumba ile walikaa jikoni wakitazama ukuta. Ndipo alipokwenda kusomea leseni ya basi. Baba yake akamwambia hakuna atakayepanda basi la msichana. Netta anasema alinyamaza, akafaulu, na abiria wake wa kwanza akawa baba yake huyo huyo, aliyepanda bila kulipa.

Asubuhi hubeba wanafunzi, jioni huwarudisha. Hulipwa pauni kumi na tatu na senti kidogo kwa saa, na shule zikifungwa mkono huwa mtupu. Kampuni ni ya familia, ina mabasi matatu na paa linalovuja. Safari za fumbo ndizo zilizomweka kazini, anasema. "Watoto wanakupigia kelele mgongoni. Wazee wanakuletea peremende. Wewe ungechagua nani?"

Mumewe aliitwa Alec, lakini hakuna aliyemwita hivyo ila kasisi siku ya mazishi. Alikuwa Eck. Alikuwa mtunza jengo la shule ya msingi, mtu mrefu, mwenye maneno mengi, aliyekuwa akichukua likizo ya siku moja kila Julai ili apande basi la mkewe kama abiria. Alikuwa akikaa kiti cha mbele, karibu na mlango. Usiku wa kuamkia safari alikuwa akimsumbua Netta amwambie wanakwenda wapi. Alikuwa akibembeleza, akinuna, akimpikia chai. Netta hakumwambia hata mara moja.

Julai ile, miaka tisa iliyopita, Eck aliandika Crail.

Mnara wa mji ulipoonekana, ule wenye samaki wa chuma juu anayegeuka na upepo, basi lote lilimgeukia Eck. "Umeambiwa kitandani wewe," Wattie alipiga kelele, na wengine wakasema arudishe kofia. Netta aliapa kwa kipaza sauti kwamba hajafungua mdomo. Baadaye, wakishuka mteremko kwenda bandarini, Eck alimnong'oneza alivyojua. Alikuwa amemwona asubuhi akivaa viatu vya kamba. Kwingine kote Netta huenda na viatu vya kuchomeka tu, lakini mteremko wa Crail una mawe yanayoteleza.

"Miaka thelathini kitanda kimoja," anasema Netta, "mtu anakujua mpaka viatu."

Pesa za kofia Eck aliwanunulia watu wote askirimu. Kisha akaketi kwenye benchi la juu ya bandari, akitazama watu wakishusha kaa na kamba koche kutoka mashua. Netta alikuwa juu barabarani akifuta vioo. Alipokuja kuitwa, alimkuta mumewe ametota jasho, uso rangi ya majivu, askirimu imemwagikia suruali.

Gari la wagonjwa halikuchelewa. Wahudumu wenye nguo za kijani walimlaza kwenye machela, wakamwekea waya kifuani. Walimwambia Netta hali imetulia kidogo, wanampeleka hospitali Dundee, na yeye anaweza kupanda pamoja nao. Akampigia mwenye kampuni. Mwenye kampuni akamwambia nenda na mumeo, nitaleta dereva mwingine, lakini atachukua saa mbili kufika.

Eck mwenyewe ndiye aliyesema vingine. Alimwambia wapeleke watu nyumbani, Netta, mimi ninao hawa jamaa wa nguo za kijani.

Netta akapanda mteremko mpaka kwenye basi. Wazee walikuwa wameshaketi wote, makoti yamefungwa vifungo, ukungu wa baharini umeanza kuingia mjini na baridi yake. Alisimama juu ya ngazi, akawatazama. Nao wakamtazama. Hakuna aliyesema kitu. Netta akakaa kwenye usukani, akawasha gari.

Kwa kawaida wakirudi huimba. Siku ile hawakuimba. Netta aliwashusha mmoja mmoja kama siku zote, na alipomfikisha wa mwisho getini kwake, simu ikalia.

"Aliniacha basi likiwa Leven, katikati ya njia," anasema. "Walinipa saa aliyokufa, nikaihesabu mwenyewe. Nilikuwa nimesimama kwenye taa, nangoja zigeuke kijani. Zile taa nazijua. Kila nikipita nazitukana."

Mazishini walikuja wote. Watu wa huku msiba ukiisha kaburini huenda hotelini, wakala pai ya nyama, wakazungumzia mvua. Walimshika Netta mkono, wakamwambia Eck alikuwa mtu mzuri, na pai ni nzuri pia. Kuhusu basi, kimya. Kuhusu benchi, kimya. Tangu siku ile jina la Crail likawa kama neno la matusi mbele ya watoto.

Kuna mwaka alijiunga mwalimu mstaafu, mgeni wa mji, asiyejua habari hizo. Akaandika Crail kwenye karatasi yake kwa nia safi kabisa. Wattie alipoifungua mbele ya watu, hakusoma. Aliitia mdomoni, akaitafuna, akameza. Mwalimu akadhani mzee amechanganyikiwa. Netta aliyaona yote hayo kwenye kioo na akajua ni karatasi gani, maana hakuna nyingine ya kumlisha Wattie wino. Akakanyaga mafuta, akawapeleka Perth.

"Nilifikiri wananihifadhi," anasema. "Nikashukuru. Kila mwaka nikishukuru, kila mwaka nikichoka."

Sasa mbona anataka kwenda? Netta hujibu swali hilo kwa mzunguko. Mara anasema ni kwa sababu wazee wanapungua. Waliokuwamo siku ile wamebaki kumi na wanne. Mara anasema Crail haina kosa, na kuna watu wa Lochgelly watakaokufa bila kuiona tena kwa sababu ya mwanamke mmoja. Mwisho anasema hajui sababu, anajua tu kwamba akitoa funguo Septemba bila kwenda, hatakwenda tena.

Jumanne moja ya mapumziko alikwenda kuipeleleza njia kwa gari lake dogo, mwandishi akiwa pembeni. Ndivyo anavyofanya kabla ya kila safari. Lazima ajue basi litageukia wapi, vyoo viko wapi, na ni mlango gani una kizingiti cha kumwangusha mtu wa miaka tisini.

Walipofika Anstruther, mji wa mwisho kabla ya Crail, alisimamisha gari kando ya barabara. Alizima injini, mikono akaiacha kwenye usukani. Amewahi kushusha basi milima ya kaskazini kwenye theluji, watoto arobaini wakilia nyuma, na hakusimama. Alikaa hivyo mpaka vioo vikaingia mvuke. Kisha akafuta kioo kwa mkono wa sweta, wakaendelea.

Mjini alirudi kuwa mtu wa kazi. Alipima kwa macho ile barabara pana yenye miti, akasema basi litalala pale. Aliingia kwenye nyumba ya chai, akamwuliza mwenye nyumba kama anaweza kulisha watu thelathini na sita kwa mpigo: supu, sandwichi za mayai, vimkate vitamu viitwavyo skoni, chai isiyokatika. Yule mwenye nyumba, msichana wa juzi tu, akamwonyesha ukumbi wenye viti vizuri vya mbao. Netta alivitikisa. Akauliza kama hakuna vyenye mikono.

"Vyenye mikono vya nini?"

"Vya kuinukia, mwanangu. Hivi vyako ukimkalisha mtu wangu, utampa na chakula cha jioni."

Walicheka wote wawili, na vile vyenye mikono vikapatikana ghalani. Kisha mwenye nyumba akasema maneno ya kawaida ya biashara, kwamba bila shaka wageni watapenda kushuka bandarini, mandhari ni nzuri, kuna benchi. Netta akasema ndiyo, analijua. Alilipa chai, akatoka, akatembea mpaka pale mteremko unapoanzia. Bandari ilionekana chini, maji yamekupwa, mashua zimelalia ubavu kwenye tope.

Hakushuka. Alisema amekuja kwa kazi, na kazi imekwisha. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti, na hakuyafuta, akaacha upepo umfutie.

Abiria wa mwisho kushuka siku ile ya Julai alikuwa Chrissie Penman. Ana miaka themanini na sita, anaishi peke yake na paka mzee asiyeona, na nyumba yake inanuka siki kwa sababu hafuti kitu bila siki. Mwandishi alimtembelea kumwuliza habari za safari za fumbo, si zaidi ya hapo. Siri ya Septemba haikuwa yake kuitoa. Lakini Chrissie alipomaliza kumsifu Netta, aliianza mwenyewe habari ya siku ile.

"Alitutazama," alisema. "Alisimama pale mbele akatutazama, na mimi nilijua anataka nini. Anataka mmoja wetu aseme, nenda, mwanangu, nenda na mumeo, sisi tutangoja. Neno dogo tu. Nami nilikuwa kiti cha pili, macho yake yakanipata. Mguu ulikuwa unaniuma. Baridi ilikuwa inaingia. Nikatazama dirishani."

Kila mtu alitazama dirishani, Chrissie alisema. Wattie pia, na Wattie ndiye mwenye maneno. Wiki iliyofuata walikutana klabuni na hawakulizungumza. Hakuna aliyepanga kwamba Crail isiandikwe. Kila mmoja alishindwa kwa nafsi yake kuliandika jina hilo kwa mkono wake, na Jumatano ilipofika wakajikuta wameshindwa wote. Wao hawakuwa wakimhifadhi Netta. Walikuwa wakiona haya.

"Tunajua hatupeleki kule kwa sababu yetu," alisema. "Anatushika mkono ngazini, anatuletea blanketi, kumbe moyoni ametuandikia kosa. Nami simlaumu. Siku akitupeleka Crail, ndipo nitajua ametusamehe. Lakini hatatupeleka. Miaka yangu yenyewe imebaki mingapi."

Mwandishi alikuwa na jibu mdomoni, na ilimbidi alimeze kama Wattie na karatasi yake. Aliuliza tu kama kuna ubaya Netta akiambiwa maneno hayo. Chrissie alimpapasa paka. Alisema mwambie, wewe una ulimi, mimi wangu uligoma siku ile na haujapona.

Netta aliambiwa Ijumaa, kwenye uwanja wa mabasi, akiwa ameshika mpira wa maji akiosha magurudumu. Alisikiliza mpaka mwisho. Mpira uliendelea kumwaga maji kwenye viatu vyake, naye haoni. Mwandishi ndiye aliyekwenda kufunga bomba.

"Miaka tisa," alisema. "Chrissie? Miaka tisa anafikiri nimemwandikia kosa?"

Aliketi kwenye ngazi ya basi. Alilia sasa kwa sauti, kama mtu mzima anavyolia akiwa amechoka kujizuia, na fundi aliyekuwa chini ya basi la pili akaacha kugonga.

Alipotulia, alisema jambo ambalo hajamwambia mtu, hata dada yake. Alisema ni kweli aliwatazama, lakini Chrissie amekosea kuhusu alichokuwa akikitaka yeye.

"Nilikuwa naomba wasiseme. Nilikuwa naomba Mungu asitokee mmoja wa kuniambia nenda. Kwa sababu ningekwenda ningekaa kwenye lile gari nimtazame Eck anakufa, na mimi hilo silijui. Usukani naujua. Nikaona heri nifanye ninachokijua. Walivyotazama dirishani, nikasema asante. Moyoni nilisema asante. Halafu nikamwacha mume wangu afe na watu asiowajua majina."

Mwandishi alisema kwamba Eck mwenyewe ndiye aliyemwambia awapeleke watu nyumbani. Netta alikubali. Alisema ndiyo, alimwambia, na alikuwa na haki ya kubishiwa.

Fundi alitoka chini ya basi, akaweka kikombe cha chai karibu na Netta, akarudi kwenye kazi yake. Netta alikishika kwa mikono miwili. Alianza kuzungumza juu ya Septemba polepole, kama anayepanga ratiba: saa ya kuondoka, kituo cha choo, ile nyumba ya chai, viti vyenye mikono. Kofia itazunguka na hakuna atakayeshinda, kwa hiyo pesa ziende klabuni. Wakipita Anstruther, watajua. Alisema hajui watakavyofanya wakijua. Wattie huenda akanyamaza, na hilo litakuwa jambo la kuogopesha.

Na baada ya chai?

Baada ya chai, alisema, watapanda basi kama siku zote, watafunga makoti yao. Naye atapanda ngazi, asimame palepale mbele aliposimama. Atachukua kipaza sauti, maana wengine masikio hayasikii. Atawaambia ukweli wote, aliouficha na waliouficha. Kisha atawaomba wamngoje. Anataka kushuka bandarini peke yake, aketi kwenye lile benchi na Eck, akae mpaka aone inatosha. Pengine nusu saa, pengine mpaka giza liingie. Wao wabaki kwenye basi na baridi yao, wamngoje.

"Nitauliza nani ana dawa za kuwahi, nani mguu unamuuma. Nitauliza mmoja mmoja."

Mwandishi alimkumbusha kwamba ni wazee, kwamba Septemba kule upepo ni mkali, na kwamba mtu hata mmoja anaweza kusema hawezi.

Netta aliinuka, akamwaga masazo ya chai chini.

"Akisema hawezi, nitamrudisha nyumbani, ni haki yake," alisema. "Lakini safari hii nitakuwa nimeuliza."